Bega la Cheka Kidogo

Kamera ya baba yangu ni nzito kuliko mtoto mchanga, na kusema kweli ameibeba kuliko alivyonibeba mimi. Sisemi kwa wivu. Mwenye haki ya wivu ni mama, na yeye wake ulishakwisha zamani. Siku hizi kamera anaiita "mwenzangu", kama mtu anavyomtaja mke mwenza waliyezoeana. "Mwenzangu amekula? Mwenzangu amelala wapi?" Baba humjibu bila kucheka kwamba amekula betri mbili na amelala kabatini.

Baba ni mpiga picha katika bustani ya michezo, ile yenye gurudumu kubwa, vigari vya kugongana, farasi wa kuzunguka, na treni inayopinduka kichwa chini ambayo sisi wafanyakazi tunaiita Nyoka. Nasema sisi kwa sababu na mimi niko huko huko, kwenye dirisha la picha karibu na lango la kutokea. Baba anapiga, mimi nachapa, watu wanachukua wakienda zao. Jina lake hawalijui. Wanamjua kwa maneno anayosema kila anapoinua kamera: "Cheka kidogo." Anasema mtu akicheka sana anafumba macho, na akikataa kabisa anafanana na picha ya kitambulisho, kidogo ndicho kipimo. Basi wauza tiketi, mafundi wa mitambo, hata meneja mwenyewe, wote wanamwita Cheka Kidogo, naye anaitika.

Kazi yake si ya kukaa. Ni kiguu na njia tangu asubuhi, maana nyuso anazozitaka hazimngojei. Yuko pale watu wanaposhuka kwenye Nyoka magoti yakiwatetemeka, pale bibi anapoapa hapandi gurudumu na wajukuu wanamsukuma, pale mtoto aliyelilia farasi mweupe anapopewa mweusi. "Uso wa mtu aliyeshuka sasa hivi haudumu," huniambia. "Ukichelewa, ameshaupanga." Mimi niliye dirishani nazijua picha zake na za wengine, na naweza kukuhakikishia kwamba hatii chumvi.

Tena ana masharti yake kuhusu kamera kubwa mahali penye watu wengi, na anayasema hata kwa asiyeuliza. Kwenye foleni mkono hautoki juu ya lenzi. Karibu na mtambo wa mitumbwi inayoporomoka majini kamera inafunikwa kabla hujasikia maji, si baada ya kulowa. Na kwenye mtambo wowote hupandi nayo, hata ubembelezwe vipi, maana kitu kikidondoka kutoka juu hakichagui kichwa. Akimwona baba wa familia amekuja na kamera kubwa inaning'inia tumboni, lazima amsimamishe. "Kaka, hiyo itakung'oa meno. Ivute ubavuni, lenzi itazame chini, na kabla ya kupanda mwachie shemeji." Wengine hucheka, wengine humkata jicho, lakini wengi huivuta ubavuni.

Yeye mwenyewe aliibeba kwa mkanda mmoja begani, bega la kulia, miaka nenda rudi. Shingoni hakutaka. "Shingoni anafungwa mbuzi," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Mama ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, chenye pazia, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja. Baba haingii humo. Anasema kuna wanawake wanapimwa, yeye atafuata nini. Kioo chake ni kile kidogo cha kunyolea ndevu kilichotundikwa kwenye msumari, kinachoonyesha kidevu na nusu ya pua. Mashati yake yote ameshonewa na mama. Tangu waoane hajavaa shati la dukani, na hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akijisifia. Ni kweli yalimkaa. Wafanyakazi wenzetu walimuuliza fundi wake ni nani, naye alijibu kwa kiburi kidogo, "Fundi wangu hapokei wateja wapya."

Nyumbani kwetu kuna picha nyingi ukutani, na baba hayumo hata katika moja. Ndiyo hali ya mpiga picha. Kila mwaka bustani ilipofungwa kwa matengenezo alitupiga picha mimi na mama kwenye benchi lililo mbele ya farasi, na kila mwaka alitupanga vile vile. Mama aketi ubavu ubavu, ainue kidevu. Mimi nisimame nyuma yake. "Binti yangu, simama nyuma ya bega la mama yako, la kushoto. Sogea. Hapo hapo." Nilianza kusimama hapo nikiwa mdogo sana, nimepandishwa juu ya benchi ili nifikie. Nilipozoea, sikuhitaji tena kuambiwa. Mtu huwa na upande wake wa kitanda. Mimi nilikuwa na bega langu la kusimama.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumamosi, na foleni ya Nyoka ilikuwa imejikunja hadi kwenye choo. Mtoto mmoja wa kike akadondosha kofia yake. Baba akainama kumwokotea. Alipoinama tu, mkanda ukateleza begani, kamera ikabembea mbele, na lenzi ikampiga mtoto kwenye paji la uso.

Damu haikutoka, ilikuwa nundu tu. Lakini nundu kwenye paji la mtoto wa mwenzio haiwi ndogo. Mama yake alipiga kelele mpaka walioko juu kwenye gurudumu wakachungulia. Baba alibaki amepiga magoti, kofia mkononi, anarudia, "Samahani mama, nisamehe sana," hadi mtoto mwenyewe akamwonea huruma. "Babu, siumii sana," akamwambia. Nilikuwa nimeshatoka dirishani mbio, nikamwona baba uso wake ulivyobadilika. Nadhani hilo neno babu lilimwingia kuliko makelele yote.

Meneja wetu ni mwanamke wa maneno machache. Alimwita ofisini, na mimi nikaenda nyuma kama mkia. "Mzee wangu, sikufukuzi," alisema. "Lakini leo ni nundu, kesho ni jicho. Shule zikifungwa hapa patajaa, unapajua. Kabla ya hapo nionyeshe njia ya kuibeba hiyo kamera isimguse mtu. Ukishindwa, nakuweka kibandani."

Kibanda tulikijua. Kina kiti, ukuta uliochorwa maporomoko ya maji, na kamera iliyofungwa kwenye miguu mitatu. Watu wangemfuata yeye badala ya yeye kuwafuata wao, na mtu mwingine angesema hiyo ni neema. Baba alitembea hadi nyumbani, akala kidogo, akasukuma sahani. "Atakayekuja kibandani ameshaupanga uso wake," alisema.

Tukaanza kutafuta mkanda. Mama akamshonea mpana zaidi, ukateleza. Akamshonea wenye kitambaa cha mahameli kwa chini. Ukateleza polepole, lakini ukateleza. Mimi nikanunua wa dukani wenye mpira wa kung'ang'ania, muuzaji akaapa kwa afya ya wazazi wake kwamba hautelezi. Baba aliuvaa, akainama mbele yetu uani, na kamera ikashuka hadi kwenye kiwiko kama kawaida. "Mikanda ya siku hizi," alisema, akiuvua kwa hasira. Niligeuka kumwangalia mama, nikitegemea kejeli yake ya kawaida. Mama alikuwa ameuma uzi kinywani na wala hakuwa anashona kitu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa napiga pasi katika chumba cha kazi cha mama nilipomsikia akiita. "Baba watoto! Njoo huku." Huwa anamwita hivyo, ingawa watoto wote ni mimi. Baba akasimama nje ya pazia. "Kuna mtu?" "Hakuna mtu. Ingia." Akaingia kwa wasiwasi. Mama alikuwa amesimama wima, mikono ameifumbata, na nikajua amepiga moyo konde kwa jambo fulani.

"Vua shati," akamwambia. "Vaa hili."

Lilikuwa shati la mteja, la dukani, lililoletwa kubadilishwa vifungo. Baba akalivaa. Mama akamshika mabega akamgeuza kwenye kioo kirefu.

Baba alijitazama. "Limeshonwa vibaya hili," akasema. "Upande huu limeanguka."

"Limeshonwa sawa sawa," mama akajibu. "Pande zote sawa."

Akajitazama tena. Akajinyoosha, bega la kulia halikupanda. Akalishusha la kushoto ili yalingane, akawa kama mtu anayepita mlango mfupi. Mimi niliiacha pasi imesimama. Nimekua nikimwona kila siku ya maisha yangu, na ndiyo kwanza nikaona kwamba bega la baba yangu limeshuka, tena si kidogo, limeshuka kama paa lililoondolewa nguzo. Mkanda gani ungekaa pale?

Alilivua lile shati akalikunja vizuri, maana lilikuwa la mtu. Kisha akachukua lake, akaligeuza ndani nje, akapapasa begani. Kwa kidole gumba akagusa sponji iliyoshonewa chini ya bitana, upande wa kulia tu, na mshono uliokatwa kwa hila ili kwapa lisionekane limening'inia.

"Tangu lini?"

"Tangu huyu anaota meno."

"Yote?"

"Yote. Kila nikishona jipya naongeza kidogo."

"Kwa hiyo kila asubuhi umekuwa ukinidanganya."

"Nilikuwa nakuvalisha," mama akasema. "Nilitaka watu wasione. Kumbe asiyeona ulikuwa wewe. Ningekuachia shati lipinde, ungejua mapema, ungehamisha kamera upande wa pili, na hilo bega lisingefika hapo. Mimi ndiye niliyelifikisha."

Mimi nilishikwa na hasira kwa ajili ya baba, halafu kwa ajili ya mama, mwishoni sikujua ni hasira ya nani. Baba alivaa shati lake lenye sponji, akachukua kamera, akaondoka bila chai. Siku ile wageni hawakuambiwa wacheke kidogo. Waliambiwa "tayari", basi, na zile picha nilipozichapa niliona aibu kuwapa watu.

Jioni alirudi, akapita sebuleni, akafunua pazia la chumba cha mbele bila kuuliza kama kuna mtu. Bahati nzuri hakukuwa na mtu. Akavua shati akalitupa kwenye meza ya kukatia.

"Pima," akamwambia mama. "Pima nilivyo."

Mama akachukua futi yake ya kupimia. Ndipo nilipokumbuka kwamba sijawahi kumwona akimpima baba. Siku zote alimkatia kwa macho, na sasa nilijua sababu. Alipima bega hadi shingo, upande huu na upande ule, akapima kiuno, mgongo, urefu wa mkono. Alimwambia ainue mkono wa kulia, ukafika usawa wa sikio ukagoma. Alipomaliza, baba akauliza kwa sauti ndogo, "Watu wanaona?"

"Ukiwa na mashati yangu wataonaje?" mama akasema. "Hata mimi mwenyewe kuna siku nasahau."

Akaanza kazi. Mkanda hakuununua wa kamera. Alikwenda kwa wabomoa magari akarudi na mikanda ya viti, ile ya kujifunga safarini. "Huu umetengenezwa kumzuia mtu mzima asiruke dirishani," alisema, "mwenzangu utashindwaje kumzuia?" Sindano ya cherehani ilivunjika, akavunja na nyingine, mwisho akashona kwa mkono kwa sindano ya fundi viatu. Mzigo wote aliuhamishia kiunoni, kwenye mkanda mpana wenye bizimu ya chuma. Kutoka hapo mkanda mwembamba ulipanda mgongoni na kupita bega la kushoto, lile zima, kwa kazi ya kushikilia tu, si ya kubeba. Kamera ikakaa ubavuni kwenye ndoano yenye kufuli, lenzi ikitazama chini na nyuma, mbali na vichwa vya watoto. Na kwa sababu mama haamini chuma, aliongeza kamba fupi ya akiba, iliyofungwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera hadi kiunoni, ili hata ndoano ikifunguka kamera isifike chini.

Kiuno nacho kilihitaji kitu laini kwa ndani. Nilimkuta amekaa na mashati ya baba mapajani, anayafumua begani moja baada ya jingine, anatoa sponji. Alizipanga zote ndani ya mkanda wa kiuno, za zamani zilizobonyea chini, mpya juu, akazishonea humo.

Majaribio tulifanya uani. Kwanza tulining'iniza mfuko wa mchanga, maana hakuna aliyekuwa tayari kumpoteza yule "mwenzangu" wa mama. Baba akainama, akaruka, akapita chini ya kamba ya nguo. "Nimekuwa punda," akalalamika.

"Punda hapimwi," mama akamjibu, akivuta bizimu. "Punda anapakiwa tu. Geuka."

Baba akacheka. Kidogo.

Meneja hakutaka kuambiwa, alitaka kuona. Alitukuta mbele ya farasi wa kuzunguka asubuhi, kabla foleni hazijaota mizizi, akavua kofia yake mwenyewe akaidondosha chini. Baba akapiga goti, akaiokota. Kamera haikutoka ubavuni. Meneja akamwambia akimbie. Akamwambia apenye kati ya wauza tiketi waliosimama wamebanana. Akaivuta kamera kwa nguvu kama mwizi. Mwisho akafungua ndoano kwa mkono wake bila kusema, kamera ikaanguka, moyo wangu ukaanguka nayo, na ile kamba ya akiba ikaidaka kabla haijapita paja. Meneja akaitazama ikining'inia pale.

"Rudi kazini, Cheka Kidogo," akasema, akavaa kofia yake.

Mama alikuwepo. Huwa haji siku za kazi, lakini alisema amekuja kuangalia mishono yake, siyo mtu. Alijifanya anakagua bizimu huku anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Baba alikuwa amevaa shati jipya lililokatwa kufuata mabega yake yote mawili kama yalivyo, na bega la kulia lilionekana, mwenye macho aliona, na muuza tiketi mmoja akamuuliza kama ameumia. "Limeshuka zamani," baba akajibu. "Nimepata habari juzi."

Kisha akatugeukia. "Kaeni nipige moja."

Mama akaenda kwenye benchi lile lile, akaketi ubavu ubavu, akainua kidevu. Mimi nikaenda nyuma ya bega lake la kushoto, mahali pangu. Baba akainua kamera, akaishusha.

"Mama watoto, leo kaa ulivyozoea kukaa. Kaa kama uko kwenye cherehani." Akanipungia mkono. "Na wewe toka hapo. Njoo pembeni."

"Mahali pangu ni hapa," nikasema.

"Toka hapo, binti yangu."

Nikatoka. Mama alibaki peke yake, na nikamtazama mgongo kutoka upande, bila mimi kuuziba. Umepinda. Kuinamia cherehani tangu ujana kumemwotesha nundu chini ya shingo, upande wa kushoto, nundu ambayo mtandio unaificha akitembea lakini hauifichi akikaa. Nikazikumbuka picha zote za ukutani kwetu, na katika kila moja niko pale pale, nimesogezwa hadi "hapo hapo". Bega la baba lilikuwa na sponji. Mgongo wa mama ulikuwa na mimi.

Mama alielewa kabla yangu. Alikuwa anamtazama baba tu.

"Kumbe ulikuwa unaona," akasema.

"Kuona ndiyo kazi yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu huyu anasimama juu ya benchi."

Farasi nyuma ya mama walikuwa wameanza kuzunguka, na watoto wa kwanza walikuwa wanapiga kelele. Mkono wake ulienda kwenye mtandio ili auvute juu, ukasimama, ukarudi mapajani.

"Piga basi," akasema, "kabla sijageuka mwenyewe nikauficha mgongo."

"Cheka kidogo," baba akasema.

Picha hiyo niliichapa mimi, nikaitundika sebuleni juu ya nyingine zote. Mama ameinama kama alivyo, na amecheka zaidi ya kidogo. Mimi nimesimama pembeni, na inaonekana wazi sijui pa kuweka mikono yangu.